Sumu Iliyomo Ndani ya Muhogo, na Kazi ya Wanaoipima

Mara kwa mara husambaa ujumbe unaoonya kwamba muhogo una sianidi, kwamba viazi vilivyogeuka kijani vinaua, au kwamba maharage yasiyoiva sawasawa ni sumu. Punde hufuata ujumbe mwingine unaokanusha ule wa kwanza, kwa hoja kwamba mababu walikula vyakula hivyo maisha yao yote na hawakudhurika. Kila ujumbe umebeba sehemu ya ukweli, na ndiyo maana msomaji hubaki njia panda. Ni kweli muhogo una kemikali inayozaa sianidi, na ni kweli pia kwamba mamia ya mamilioni ya watu hula muhogo karibu kila siku bila kuugua. Kinachopatanisha kweli hizi mbili ni elimu iliyojengwa polepole na wanasayansi wa mimea, wakemia na madaktari, ambao baadhi yao wametumia sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi kuuliza sumu hii inakaa wapi ndani ya mmea, inatoka vipi, na kwa nini nyakati nyingine haitoki.

Kabla ya kwenda mbali ni vizuri tutenganishe mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Sumu ya asili ya mmea ni kemikali ambayo mmea wenyewe huitengeneza ndani ya seli zake, hata kama umeota porini ambako hakuna mtu aliyewahi kupulizia dawa. Mabaki ya viuatilifu ni kitu kingine: hizo ni dawa ambazo binadamu amezipulizia shambani au ghalani. Sumukuvu nayo ni kitu cha tatu, kwa kuwa haitengenezwi na mahindi wala karanga, bali na kuvu wanaoota juu ya nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu. Sumukuvu ndiyo iliyosababisha vifo 125 nchini Kenya mwaka 2004 baada ya watu kula mahindi yaliyoota kuvu. Tofauti hizi zina uzito mkubwa, maana kila moja ina dawa yake. Kukausha nafaka upesi huzuia sumukuvu, ilhali muhogo mchungu ukikaushwa upesi mno, kama tutakavyoona, sumu yake hubaki humo humo.

Makala haya yanahusu aina ya kwanza, na hasa muhogo, kwa sababu hakuna zao jingine kuu la chakula ambalo suala hili limegusa maisha ya watu wengi kiasi hicho.

Kwa nini mmea utengeneze sumu

Mmea hauwezi kukimbia. Mdudu akitua juu ya jani lake, mbuzi akilifikia, au panya akichimba mzizi wake, hauna njia ya kuhama wala mkono wa kumfukuza. Kwa mamilioni ya miaka mimea iliyosalia ni ile iliyopata namna ya kumfanya mlaji ajute, na namna iliyoenea zaidi ni kemikali: chungu mdomoni, kali tumboni, au hatari kwa mishipa ya fahamu. Hivyo si jambo la ajabu kwamba mazao tunayokula yana sumu, kwani karibu yote yana kitu cha aina hiyo, japo kwa viwango vidogo. Mwaka 1990 mwanakemia wa Marekani Bruce Ames na wenzake walikadiria kwamba kati ya kemikali zote za kupambana na wadudu zinazoingia mwilini kwa chakula cha Wamarekani, asilimia 99.99 kwa uzito zimetengenezwa na mimea yenyewe. Wapo walioitumia tarakimu hiyo kudai kwamba viuatilifu havina madhara, na wapo walioitumia kuogopesha watu wasile mboga. Matumizi yote mawili yanapotosha. Inachothibitisha tarakimu hiyo ni kwamba neno «asilia» peke yake halitoshi kutuambia kama kitu ni salama.

Hapa ndipo inapoingia kanuni ya kale ya tabibu Paracelsus, aliyeishi kati ya 1493 na 1541, kwamba kinachokifanya kitu kiwe sumu ni kipimo chake. Tuiweke kanuni hiyo kwenye hesabu. Kwa binadamu, kiasi cha sianidi kinachoweza kuua kwa mara moja hukadiriwa kuwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu mzima wa kilo 60 yumo hatarini kuanzia miligramu 30 hivi. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga. Mtu akila nusu kilo ya unga huo kwa siku atakuwa amepokea miligramu 5, tena si kwa mara moja, na mwili wenye afya una uwezo wa kuziondoa. Lakini unga unaofikia miligramu 100 kwa kilo, na vipimo vya namna hiyo vimepatikana Msumbiji katika misimu ya ukame, utampa mlaji huyo huyo miligramu 50. Chakula ni kile kile na jina ni lile lile, ila hatari imezidishwa mara kumi.

Kinachotokea ndani ya mzizi

Sianidi yenyewe haikai huru ndani ya muhogo uliomo ardhini. Kama ingekuwa hivyo, mmea ungejiua wenyewe. Kinachokaa humo ni kemikali iitwayo linamarini, ambayo ni sianidi iliyofungwa pamoja na sukari ili itulie. Linamarini hutengenezwa zaidi kwenye majani, kisha husafirishwa kwenda kwenye mizizi. Ndani ya kila seli huhifadhiwa katika kifuko cha katikati, ilhali kimeng'enya kinachoweza kuifungua, kiitwacho linamarasi, hukaa kwenye ukuta wa seli. Mpangilio huu unafanana na njiti ya kiberiti na ubavu wa kisanduku chake: vyote viwili vinaweza kukaa mfukoni mwaka mzima pasipo moto, mpaka vitakaposuguana. Mdudu anapotafuna jani, au mtu anapokuna mzizi, kuta za seli huvunjika, linamarini hukutana na kimeng'enya, sukari huachana na kile ilichokifunga, na sianidi hutoka. Kwa kuwa sianidi ya namna hii huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi za Selsiasi, huruka hewani kwa urahisi au huondoka na maji.

Ukishaelewa aya hiyo moja, umeelewa sababu ya karibu kila hatua ya kuandaa muhogo mchungu. Kukuna, kutwanga, kuloweka na kuvundika vyote vinafanya kazi moja: kuvunja seli ili linamarini na kimeng'enya vikutane, kisha kuipa sianidi muda na njia ya kutoka. Jamii za Amazonia, ambako muhogo ulianzia, hukuna mizizi, huikamua na kuiacha itulie kabla ya kuipika. Afrika Magharibi hutengenezwa chakula cha chembechembe kavu za muhogo kiitwacho gari, kwa kukuna, kuchachusha, kukamua na kukaanga, na kinachobaki katika gari ni takriban asilimia 2 tu ya linamarini iliyokuwapo mwanzo. Kuvundika mizizi iliyomenywa kwa siku kadhaa kabla ya kuianika huacha kati ya asilimia 12 na 16. Kumenya na kuanika juani peke yake huacha robo hadi theluthi nzima. Sababu ni kwamba mzizi unaokauka haraka hupoteza maji kabla seli zake hazijavunjika vya kutosha, na kimeng'enya bila maji hakifanyi kazi.

Ndiyo maana naona imani kwamba «moto huua kila kitu» ni hatari kuliko zote zinazohusu zao hili. Linamarini huvumilia joto la maji yanayochemka, lakini kimeng'enya chake hakivumilii. Mtu anayetumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu moja kwa moja ndani ya maji ya moto huharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, na linamarini hubaki ndani ya kipande, ikingoja bakteria wa utumbo waifungue. Kwa kisamvu mambo ni hayo hayo. Majani ya muhogo kwa kawaida yana kemikali hii kwa wingi kuliko mizizi, na kinachoyafanya yawe chakula ni kule kuyatwanga yakiwa mabichi hadi yalainike kabisa, kisha kuyaosha au kuyaacha kwa muda kabla ya kuyachemsha. Anayeruka hatua ya kinu kwa kuwa ana jiko lenye moto mkali ameruka hatua muhimu kuliko nyingine.

Imani ya pili inahusu utamu na uchungu. Kwa kawaida muhogo huitwa mtamu pale mzizi wake mbichi unapokuwa na chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo, na huo unaweza kumenywa na kuchemshwa bila maandalizi marefu. Mchungu huzidi hapo, wakati mwingine mara nyingi. Watu wasiolima muhogo huzipuuza hukumu za ulimi kana kwamba ni ushirikina, ilhali utafiti wa Linley Chiwona-Karltun na wenzake nchini Malawi umeonyesha kwamba wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, hutambua vizuri kwa ladha ni aina zipi zenye sumu nyingi. Hata hivyo ulimi una mipaka. Mmea ule ule, kutoka mbegu ile ile, huongeza sumu yake unapokumbwa na ukame. Aina iliyokuwa salama msimu wa mvua nzuri inaweza kuvuka mstari msimu unaofuata, na jina lake halibadiliki.

Ugonjwa uliofungua macho ya watafiti

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa kupooza miguu uliokuwa ukiwapata watu wa eneo la Kwango, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenyeji waliuita konzo. Mtu aliyelala mzima huamka, au huanza kutembea, na ghafla miguu yote miwili hukakamaa. Hali hiyo haiendelei kuwa mbaya zaidi kama magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu yanavyofanya, lakini pia haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliokwisha kuacha kunyonya na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa miongo mingi baada ya taarifa hiyo chanzo hakikujulikana kwa uhakika.

Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa namna hiyo hiyo. Polio ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoshukiwa. Madaktari waliokuwa wakifanya kazi nchini humo, wakiwemo Hans Rosling wa Uswidi na Julie Cliff wa Australia, walifuatilia nani aliugua, wapi na baada ya kula nini, na ushahidi ukaelekea kwenye muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Mazao mengine yalikuwa yamekufa kwa jua. Muhogo ulisalia kwa sababu huvumilia ukame, na kwa sababu ya ukame huo ukawa na sumu zaidi. Wakati huo huo njaa iliwanyima watu wiki zile za kungoja mizizi ikauke. Mwaka 1985 hali kama hiyo ilitokea Tarime, kaskazini mwa Tanzania, na uchunguzi ambao Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania alishiriki ukakuta mambo yale yale: ukame, muhogo mchungu, na maandalizi yaliyofupishwa. Mwaka 1988 huko Masasi watu waliugua kwa sumu ya muhogo ndani ya saa chache baada ya kula, na hiyo ni sura nyingine ya madhara haya, ambayo huja upesi, kwa kutapika na kizunguzungu, tofauti na kupooza kunakofuata wiki kadhaa za kula chakula kisichoandaliwa vizuri.

Sababu ya mmoja kupooza na jirani yake aliyekula muhogo ule ule kusalimika imo katika namna mwili unavyojitetea. Ini lina kimeng'enya kinachobadili sianidi kuwa thiosianati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi na hutoka kwa mkojo. Kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo mwili huipata kutoka kwenye asidi amino zilizomo katika protini: samaki, nyama, mayai, maziwa, na kwa kiasi fulani kunde. Anayekula muhogo pamoja na samaki anao mtaji wa kuifuta sianidi. Anayekula muhogo peke yake asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa hana. Thiosianati nayo ina tatizo lake, kwani huizuia tezi ya shingo isifyonze madini joto, na mahali ambapo madini hayo ni haba huchangia uvimbe wa tezi. Kwa maneno mengine, konzo ni ugonjwa wa sumu na wa umaskini wa lishe kwa pamoja, na kwa maoni yangu makala yoyote inayotaja sianidi bila kutaja protini imewapa wasomaji nusu ya habari.

Mkemia na karatasi ya njano

Kati ya watu waliolifanya suala hili kuwa kazi yao ya maisha, nampa nafasi ya pekee Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kilichoko Canberra. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yake alikuwa mkemia wa protini, zikiwemo za sufu ya kondoo, somo linaloonekana kuwa mbali kabisa na shamba la muhogo. Katika miaka ya 1980 aligeukia mazao ya mizizi ya nchi za joto, na hatimaye akaelekeza nguvu zake kwenye sianidi ya muhogo.

Tatizo la kwanza aliloliona lilikuwa la kipimo. Maabara zenye vifaa vya gharama kubwa ziliweza kupima linamarini, lakini mfanyakazi wa afya aliyeko kijijini, mahali ambapo ugonjwa upo, hakuweza. Bradbury na wenzake walitengeneza kifaa kidogo, na maelezo yake yakachapishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Unga kidogo, miligramu 100, huwekwa katika kichupa pamoja na karatasi yenye kimeng'enya na maji, kisha karatasi nyingine ya njano iliyotiwa pikrati huning'inizwa juu yake na kichupa kikafungwa hadi kesho yake. Sianidi inayotoka huigeuza karatasi kutoka njano kwenda kahawia, na rangi hiyo hulinganishwa na chati iliyochapishwa. Anayeweza kutofautisha rangi anaweza kupima. Vifaa hivyo viligawiwa bila malipo kwa watafiti na wahudumu wa nchi zinazoendelea, na kwa njia hiyo ramani ya mahali penye hatari ikaanza kuonekana.

Hatua yake ya pili ilikuwa rahisi mno kiasi kwamba mtu anaweza kuidharau. Kama unga uliokwisha kusagwa bado una linamarini, na bado una kimeng'enya chake, kinachokosekana ni maji tu. Basi uongezewe maji. Unga huwekwa katika bakuli na usawa wake hutiwa alama ubavuni. Maji huongezwa huku ukikorogwa. Mwanzoni hushuka, kisha hupanda, na unaporudi kwenye ile alama maji yametosha. Unga huo mbichi hutandazwa uwe tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Sianidi hupungua mara tatu hadi sita. Hauhitajiki mtambo, wala kuni za ziada, wala mbegu mpya. Kuanzia mwaka 2010 njia hii ilifundishwa kwa wanawake wa Popokabaka, katika Kwango ile ile ya Trolli, kwa ushirikiano na mtaalamu wa lishe wa Kongo Jean Pierre Banea, na konzo mpya haikutokea katika kijiji cha kwanza ambako njia hiyo ilitumiwa kila siku.

Natamani kila anayesambaza onyo kuhusu sianidi angesambaza na maelezo ya bakuli lile.

Mbona wasiutengeneze muhogo usio na sumu?

Swali hili huulizwa na kila anayeifahamu kidogo sayansi ya vinasaba, na ni swali la haki. Birger Lindberg Møller wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, aliyetumia miongo mingi kuchunguza jinsi mimea kama mtama na muhogo inavyotengeneza kemikali hizi, alionyesha pamoja na wenzake vinasaba vinavyoanzisha kazi hiyo, na mwaka 2005 kundi lake likachapisha taarifa za mimea ya muhogo ambayo linamarini yake ilikuwa imepunguzwa sana kwa kuvizima. Kwa hiyo kitaalamu jambo hilo linawezekana.

Ugumu upo shambani. Wakulima waliohojiwa Malawi walieleza kwamba wanapanda aina chungu kwa makusudi, kwa kuwa nyani, nguruwe pori na hata wezi huziacha. Mama anayelima peke yake shamba lililo mbali na nyumba hawezi kulilinda usiku na mchana, na uchungu ndio mlinzi wake. Tena kuna dalili kwamba linamarini ina kazi nyingine ndani ya mmea, kama kusafirisha na kuhifadhi naitrojeni, kwa hiyo kuiondoa kabisa huenda kukawa na gharama kwa mmea wenyewe. Binafsi naona sababu hizi zinatosha kumfanya mtafiti asikimbilie kumpa mkulima muhogo usio na ulinzi kabla ya kumuuliza atauweka wapi.

Historia ya viazi mviringo inafundisha upande wa pili wa jambo hili, yaani kwamba mzalishaji mbegu anaweza kuongeza sumu pasipo kukusudia. Viazi hutengeneza solanini na ndugu yake chakonini, hasa kwenye ganda, macho na machipukizi, na mwanga huongeza utengenezaji huo. Rangi ya kijani si sumu yenyewe, ni klorofili isiyo na madhara, lakini inatuarifu kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga, na pengine solanini imepanda pamoja nayo. Mwaka 1967 ilitolewa Marekani aina iitwayo Lenape, iliyosifiwa kwa kutengeneza krispi nzuri. Haukupita muda mrefu watafiti nchini Kanada wakagundua kwamba ilikuwa na kiwango kikubwa cha sumu hizo, na mwaka 1970 ikaondolewa sokoni. Ilikuwa imezalishwa kwa kuchanganya viazi na jamaa yake wa porini kwa njia za kawaida za upandikizaji chavua, bila uhandisi wowote wa vinasaba. Tangu hapo, kiwango cha miligramu 200 kwa kilo ya kiazi kibichi kimekuwa mpaka unaotumika sana kuamua kama aina mpya inafaa kuliwa. Solanini haiondoki kwa kuchemsha. Kinachosaidia ni kumenya kwa kina, kukata sehemu za kijani, na kutupa kiazi kinachochoma ulimi kwa uchungu.

Maharage mekundu ni kinyume chake kabisa. Sumu yake ni protini ya jamii ya lektini, na protini huharibika kwa joto. Maharage mabichi manne au matano tu yanatosha kumtapisha mtu, lakini yakilowekwa kwa saa tano au zaidi, maji yakamwagwa, na yakachemshwa kwa nguvu kwa nusu saa, hatari imekwisha. Makosa hutokea pale yanapopikwa kwa moto mdogo mno usiofikisha maji kwenye kuchemka, kwani joto la namna hiyo huyalainisha yaonekane yameiva huku lektini ikiwa hai.

Lipo pia zao la jamii ya mikunde liitwalo kitaalamu Lathyrus sativus, linalolimwa Ethiopia, India na Bangladesh kwa sababu huvumilia ukame na mafuriko pia. Likiliwa kama chakula kikuu kwa miezi kadhaa wakati wa njaa huleta kupooza miguu kunakofanana na konzo kwa namna ya kushangaza, ingawa kemikali yake ni nyingine kabisa. Fernand Lambein wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, amelichunguza kwa miaka mingi, na mtandao wa watafiti ulioundwa kwa ajili ya magonjwa haya umeyaweka mazao hayo mawili pamoja kwa sababu hadithi yake ni moja: mmea unaobaki hai wakati mingine imekufa, na watu ambao hawana kingine cha kuchanganya nao.

Mtoto kutopooza kwa konzo nako hakuthibitishi kwamba yuko salama. Mwaka 2013 Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao walichapisha matokeo kutoka Kongo yaliyoonyesha kwamba hata watoto wasio na dalili za kupooza, lakini wanaoishi katika kaya zilizoguswa na ugonjwa huo, walipata alama za chini katika vipimo vya kujifunza na kukumbuka kuliko wenzao wa mahali ambako konzo haipo.

Upande wa mmea, Ros Gleadow wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia amekuwa akichunguza muhogo utakuwaje hewa yenye kabonidioksaidi nyingi itakapokuwa ya kawaida. Katika jaribio lake la mwaka 2009, lililofanywa kwenye vyungu ndani ya nyumba ya kioo, mizizi ilikuwa midogo na majani yakawa na sianidi nyingi ukilinganisha na protini yake. Jaribio la baadaye la watafiti wengine, lililofanywa shambani kwenye hewa huru nchini Marekani, lilitoa mizizi mikubwa zaidi. Tofauti hiyo huenda ilitokana na nafasi ya mizizi kukua na mazingira ya jumla ya majaribio hayo mawili. Kuhusu ukame, hata hivyo, matokeo yanakubaliana: muhogo unaokosa maji huongeza linamarini kwenye mizizi yake, na ukinyeshewa tena kiwango hicho hushuka. Kwa hiyo anayepima unga wa msimu mmoja atalazimika kupima tena unga wa msimu unaofuata.